Mtumiaji Hana Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Usanifu wa Huduma za Simu na Programu

Huduma ya simu ikishafanikiwa, watu hupenda kusimulia kwamba kuna mtu mwerevu aliyekaa ofisini, akaiwaza, ikatoka imekamilika. M-Pesa husimuliwa hivyo mara nyingi, na historia yake yenyewe inakanusha. Programu na mashine zinazotumika kwa urahisi hupatikana kwa kujaribu, kutazama, kurekebisha na kujaribu tena. Dhana zilizo hapa chini ndizo ninazokutana nazo zaidi, na baadhi yake zinawaumiza watu kila siku.

Dhana: Waulize watumiaji wanataka nini, kisha wajengee.

Kuuliza kuna nafasi yake, lakini mtu akiulizwa hujibu kwa kile anachokifahamu tayari, tena mara nyingi kwa adabu, ili asikuvunje moyo. Ukweli utauona anapotumia.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa Thika, Mathare na katikati ya jiji la Nairobi, wakishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Wateja hawakufika 500 na mawakala walikuwa 8. Lengo lilikuwa mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Basi watu wakaipokea huduma na kuanza kuifanyia mambo yao. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku kwa wakala baada ya benki kufungwa, wakayatoa asubuhi. Mwenye safari aliweka pesa mji mmoja akazitoa mji mwingine, asitembee nazo njiani. Wapo pia walionunua muda wa maongezi kwa M-Pesa na kuutuma kwa ndugu zao kijijini. Upande wa mikopo, ambao ndio uliokusudiwa, uliwapa Faulu taabu, kwa kuwa utaratibu wa hesabu za vikundi vya wakopaji haukuoana vizuri na mfumo mpya.

Hapo ndipo ninapowapa heshima waliosimamia kazi ile, akiwemo Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone. Hawakuwaambia wateja kwamba wanaitumia vibaya. Huduma ilipozinduliwa Kenya nzima Machi 2007, kiini chake hakikuwa tena marejesho ya mikopo bali kutuma pesa nyumbani. Wazo hilo lilitoka kwa wateja, na hakuna dodoso ambalo lingelileta.

Dhana: Majaribio husubiri programu ikamilike.

Hii ndiyo inayogharimu zaidi, maana programu ikishakamilika, fedha zimekwisha na kila mtu ana haraka ya kuzindua. Kosa linaonekana, linaandikwa kwenye orodha, linabaki kwenye orodha.

John Gould na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM walifanya kinyume chake walipoandaa mfumo wa ujumbe wa sauti kwa wanamichezo wa Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984. Walianza na karatasi: maelezo mafupi ya hatua kwa hatua, mwanamichezo anabonyeza nini na anasikia nini, wakawapa watu wayasome na kuyakosoa. Mwongozo wa mtumiaji uliandikwa kabla ya programu. Kibanda cha mfano cha kutumia mfumo huo, kitupu ndani, kimebandikwa picha za skrini, kiliwekwa mahali wanapopita watu, na wapita njia wakasema wazi kisichoeleweka.

Wewe daftari na kalamu vinakutosha. Chora kila ukurasa kwenye karatasi yake, nenda kwa mama anayeuza mboga wakati wateja wamepungua, umwambie: "Shikamoo mama. Naomba unisaidie kujaribu hizi karatasi. Chukulia ni simu, unamtumia mdogo wako elfu kumi na tano." Akigusa sehemu, mwekee karatasi inayofuata. Halafu nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Kwetu si adabu kumtazama mtu mzima akihangaika bila kumsaidia, na yeye naye ataona aibu, atacheka, atasema, "Mwanangu, mimi mambo haya siyawezi." Ndiyo maana umweleze mapema kwamba zinazopimwa ni karatasi, si yeye. Angalia kidole gumba kinasita wapi. Akigusa "Lipa" wakati ulitaka aguse "Tuma", usimsahihishe. Muulize alitegemea kuona nini. Jibu lake liandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu huenda hayo ndiyo maneno yanayofaa kwenye menyu yako. Ukirudi kwa mtu wa pili, uwe umeshachora upya ile karatasi iliyomshinda wa kwanza.

Dhana: Bila mamia ya watu, majaribio hayana maana.

Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, walionyesha mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua takriban asilimia 31 ya matatizo. Ukipiga hesabu hiyo, watu 5 hufichua karibu asilimia 85. Wengi huishia hapo, wakijaribu na watano mara moja tu. Nielsen mwenyewe anashauri kwamba ukiwa na uwezo wa kupata watu 15, uwagawe katika awamu tatu za watano watano, na urekebishe kati ya awamu moja na nyingine. Na kama huduma yako inatumiwa na wakala na mteja, hao ni makundi mawili, kila moja na watano wake.

Dhana: Mtumiaji akikosea, shida ni elimu yake.

Hii naipinga kwa nguvu zangu zote. Kosea tarakimu moja ya namba ya simu, na pesa ya ada ya mtoto imekwenda kwa mtu usiyemjua. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "wateja wawe makini". Baadaye Safaricom ikaleta Hakikisha: jina la mpokeaji linaonekana, na mtumaji anapata nafasi ya kusitisha muamala. Ulioelimishwa hapo ni mfumo, si wateja.

Au chukua menyu za nyota na reli kwenye simu za batani. Bibi anayesoma polepole anafika hatua ya tano, muda unaisha, anarudishwa mwanzo. Wa kuulizwa ni aliyeweka hatua saba mahali ambapo nne zingetosha. Nyani haoni kundule: aliyeijenga menyu anaijua kwa moyo, hawezi kuisoma kama mgeni.

Dhana: Ikipendeza, ni rahisi kutumia.

Rangi nzuri na alama zisizo na maneno huwapendeza wakubwa kwenye kikao. Mpe simu mtu ambaye hakuwepo kikaoni, umwambie atafute salio lake.

Dhana: Ikishafaulu mahali pamoja, ihamishe ilivyo.

M-Pesa iliingia Afrika Kusini mwaka 2010, ikazinduliwa upya 2014, na mwaka 2016 ikafungwa. Sababu zilikuwa kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba wengi huko tayari walikuwa na akaunti za benki, hivyo haja iliyowasukuma Wakenya haikuwa kubwa kiasi kile. Menyu ile ile ilikutana na maisha mengine.

Kwa hiyo kutazama kunaendelea hata baada ya uzinduzi. Hesabu miamala inayoachwa njiani na ukurasa inakoachwa. Sikiliza simu za huduma kwa wateja wewe mwenyewe, usisubiri ripoti ya mwezi. Omba kukaa na wakala tangu asubuhi hadi mchana, uandike kila swali analoulizwa zaidi ya mara moja, kisha uanze kuchora upya kwenye hilo linalojirudia zaidi.