Makumbusho ya Sanaa ya London: Usilipie Mlango Ulio Wazi

Kazi yangu ni kuwapangia safari watu wenye bajeti ndogo, wengi wao wakiwa wanafunzi, au wazazi wanaokwenda London kuwatembelea watoto wao, na karibu kila mmoja huniambia neno lilelile: makumbusho tutayaacha, kwa sababu kiingilio chake hatukiwezi. Nimelisikia mara nyingi mno, na sasa naliandikia jibu kamili.

Ukweli ni kwamba National Gallery, British Museum, Tate Britain, Tate Modern, National Portrait Gallery, Victoria and Albert Museum na Wallace Collection hazitozi kiingilio kwa mtu anayekuja kutazama mkusanyiko wa kudumu, awe mkazi wa Uingereza au mgeni aliyetua jana akitokea Dar es Salaam. Pasipoti haiulizwi mlangoni. Wala hii si ofa ya msimu. British Museum ilifungua milango yake mwaka 1759 bila kiingilio, na makumbusho ya taifa yaliyokuwa yakitoza, kama vile Victoria and Albert, yaliacha mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya serikali kuongeza ruzuku na kurekebisha sheria ili makumbusho yasiyotoza kiingilio yaweze kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Sababu ya kwanza inaeleweka. Majumba haya huandaa pia maonyesho ya muda, ambayo hulipiwa, tena si kwa bei ndogo, na mabango yake ndiyo makubwa kuliko yote nje ya jengo. Mgeni akiona bei ile hudhani ni ya jengo zima, akageuza njia. Sababu ya pili ndiyo inayoniudhi. Mtandaoni wapo wauzaji wanaotangaza "tiketi za kuingia" za majumba yaleyale yasiyotoza chochote. Wengine huuza huduma ya mwongoza watalii, ambayo ni biashara halali, lakini tangazo huandikwa kwa namna ya kumfanya msomaji aamini kwamba bila malipo hayo atazuiwa mlangoni. Nimepokea wateja waliokwisha kulipia familia nzima kabla ya kuniuliza swali hata moja, na fedha hiyo ingewatosha nauli ya mabasi na chakula cha siku kadhaa. Ushauri wangu haubadiliki: fungua tovuti ya jumba lenyewe, si ya mtu wa kati. Ikiwa jumba linatoa nafasi za kuingia kwa saa maalumu, ziweke pale pale, ni bure, na foleni itakuwa fupi zaidi. Ukiingia utaona sanduku la michango lenye kiasi kinachopendekezwa. Kutoa ni hiari, na asiyetoa hana haja ya kuona aibu.

Zipo nyumba za sanaa zinazotoza. Courtauld, iliyoko Somerset House, hutoza watu wazima, na mimi huwashauri wateja wangu walipe kwa moyo mweupe ikiwa wanawapenda wachoraji Manet au Van Gogh. Lakini huo ni uamuzi wa kufanya baada ya kumaliza yasiyolipiwa, si kabla.

Dhana inayofuata ni mtoto wa ile ya kwanza: kwamba ukiingia lazima uzunguke kumbi zote siku hiyohiyo. Aliyelipa kiingilio kikubwa ana sababu ya kujichosha. Wewe hujalipa, na unaweza kurudi kesho. National Gallery ina michoro zaidi ya 2,300, na anayekimbizana nayo yote hutoka na maumivu ya miguu tu. Chagua michache. Simama mbele ya mchoro wa mabalozi wawili uliochorwa na Hans Holbein mwaka 1533, wenye upana wa zaidi ya mita 2. Miguuni pao pana kitu kirefu cha rangi ya kijivu kilicholala mshazari, ambacho ukikitazama kutoka mbele hakina umbo lolote. Sogea ukingo wa kulia, karibu na ukuta, uangalie kwa pembeni: ni fuvu la mtu. Kisha rudi utafute kinanda cha nyuzi chenye uzi mmoja uliokatika, na msalaba mdogo uliojificha nyuma ya pazia la kijani, juu kushoto. Hayo huhitaji subira tu. Nenda Ijumaa jioni, kwa kuwa National Gallery hufungwa saa tatu usiku siku hiyo, na makundi ya shule huwa yamekwisha kuondoka.

Kwamba kupiga picha ni marufuku si kweli; National Gallery iliruhusu mwaka 2014, bila mwanga wa kamera wala miguu ya kuisimamishia. Kwamba ni lazima uwe msomi wa sanaa au uvae suti si kweli pia, na sitapoteza maneno juu yake.

Wapo wanaoniambia kwamba humo hamna chochote kinachotuhusu. British Museum ina kumbi za Afrika katika ghorofa ya chini ya ardhi, na katika mkusanyiko wake mna chungu cha Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Tate ina kazi za Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, aliyeshinda Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Kazi hizo hubadilishwa ukutani mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti kabla ya kutoka.

La mwisho ni la wale wanaotaka kupitia makumbusho wakiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, wakidhani mizigo itapokelewa mlangoni. British Museum haipokei masanduku makubwa ya magurudumu. Yaache mlikolala, au kwenye huduma ya kulipia ya kutunza mizigo katika vituo vikubwa vya treni.