Kifaa cha moyo kisichopiga shoti hakijaharibika

Juzi tena, hapa Tanga, mzee mmoja wa Ngamiani kaniomba nimwongezee ukali kifaa chake cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani, maana mwaka umepita hakijampiga shoti. Rafiki yake hupigwa kila baada ya muda, basi anaamini cha mwenzake ndicho kizima. Nimechoka kuyasikia maneno haya.

Nilimuwekea kisomeo kifuani, kumbukumbu ikajitokeza kwenye skrini: usiku mmoja ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, zilikwenda mapigo 210 kwa dakika, kifaa kikatuma mapigo yake madogo manane ya umeme ya haraka, mdundo mbaya ukakatika. Mzee alikuwa usingizini. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko shoti yoyote.

Nguvu si tatizo. Vifaa vingi vya leo hutoa jouli 35 hadi 40. Tatizo ni mipangilio: kifaa kianze kuingilia kati moyo ukifika kasi gani, na kingoje muda gani? Mpaka huo wa kasi ukiwekwa chini mno, mvuvi anayevuta wavu kwa nguvu zake zote anaweza kupigwa shoti hali hana lolote. Atria, yaani vyumba vya juu vya moyo, zikitetema, hatari hiyo huzidi. Utafiti wa MADIT-RIT wa mwaka 2012 kuhusu vifaa hivi ulionyesha kwamba mpaka ukipandishwa hadi mapigo 200, au kifaa kikingoja hadi dakika nzima kwa mapigo kati ya 170 na 199, tiba zisizostahili hupungua sana. Vifo navyo vilipungua. Mara nyingi mdundo hutulia wenyewe ukipewa nafasi! Lakini wale wa utafiti huo walikuwa watu waliowekewa kwa kinga, kabla ya tukio lolote. Mwenye historia ya mdundo mbaya wa mapigo 160 ukimwekea mpaka wa 200, umemwacha bila ulinzi. Ndiyo maana sikubali mipangilio ya kiwandani iachwe ilivyo.

Je, shoti yenyewe huuumiza moyo, au ni dalili tu kwamba moyo umezidi kuugua? Sisi wa fani hii bado tunabishana. Mimi naiogopa shoti isiyo na sababu hata kabla ya jibu kupatikana.

Dawa nazo msiache. Vidonge vingi vya kukojoa hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka mdundo huvurugika, pimeni damu.

Ukipigwa shoti moja na unajisikia vizuri, ipigie kliniki simu siku hiyohiyo. Zikifika mbili ndani ya siku moja, au ukizimia, nenda hospitali papo hapo, na usiendeshe chombo mwenyewe.