Maji ya Rangi za Nguo na Chembechembe za Oksidi za Metali

Rangi za viwandani hutengenezwa makusudi zisipauke kwa jua wala kuchuja kwa sabuni, na uimara huohuo ndio unaozifanya ziwashinde bakteria wa mabwawa ya majitaka. Katika kutia rangi nguo za pamba, sehemu ya rangi inayokosa kushika kwenye nyuzi na kuondoka na maji inaweza kuwa kati ya asilimia 10 na 50, kutegemea aina yake. Maji hayo yakifika Mto Msimbazi au Kizinga, jijini Dar es Salaam, huzuia mwanga unaohitajiwa na mimea ya majini kabla ya kuishia Bahari ya Hindi. Shabu hugandisha baadhi ya rangi, lakini zile zinazoyeyuka sana huiponyoka, na tope linalobaki ni jingi.

Ndipo zinapoingia chembechembe za nano za oksidi za metali, zenye kipenyo cha nanomita 1 hadi 100 (nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Nguvu yake kubwa imo katika eneo la uso: gramu 1 ya titani dioksidi inayotumika sana maabara ina uso wa takriban mita za mraba 50, zaidi ya sakafu za vyumba vinne vya futi 10 kwa 12. Juu ya uso huo rangi hunaswa kwa kuvutana kwa chaji, na chaji hiyo hubadilika kufuatana na pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali. Maji yakiwa na alkali nyingi, magnetaiti, ambayo ni oksidi nyeusi ya chuma, huwa na chaji hasi. Huvuta rangi iitwayo bluu ya methilini, yenye chaji chanya, na kuisukuma mbali rangi ya chungwa ya methili, yenye chaji hasi. Anayenunua unga wa aina moja akitarajia utamaliza rangi zote atakuwa amepoteza fedha.

Magnetaiti ina faida ambayo binafsi naiona kubwa kuliko zote. Ukikoroga unga wake kwenye bika lenye bluu ya methilini, kisha ukaegemeza sumaku yenye nguvu ubavuni, unga mweusi hujikusanya upande huo pamoja na rangi iliyoinasa, nawe unamimina maji bila kuhitaji kichujio.

Titani dioksidi na oksidi ya zinki hufanya zaidi ya kunasa. Zikipigwa na mionzi ya urujuanimno huzalisha, kwa msaada wa maji na oksijeni, radikali huru, yaani chembe kali zinazoikatakata molekuli ya rangi. Jua la Dar es Salaam tunalo la kutosha, ila mionzi hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nishati yake, na maji yenye rangi nzito huizuia isipenye. Kwa hiyo beseni pana lenye kina kifupi linafaa kuliko pipa. Oksidi ya zinki, isitoshe, huyeyuka katika maji yenye asidi na kuacha zinki humo.

Kwa mafundi batiki wanaotumia kostiki soda na haidrosalfaiti ili kuyeyusha rangi, ushauri wangu ni kutoanza na nano kabisa. Rangi zao, zikipata hewa ya kutosha, hurudi katika hali isiyoyeyuka, kama wanavyoona kitambaa kikibadilika kinapotolewa kwenye beseni. Kwa hiyo sehemu kubwa itatuama au kuchujwa, mradi kostiki nayo ipunguzwe makali kabla ya kumwaga.

Rangi kupotea machoni hakutoshi kuwa kipimo. Bluu ya methilini inaweza kugeuka isiyo na rangi huku molekuli yake ikiwa karibu nzima, kisha ikarudi bluu ikitikiswa na hewa. Rangi za azo, ambazo molekuli zake zimeunganishwa na jozi ya atomi za nitrojeni, zikikatika nusunusu huweza kuacha kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Kwa sababu hiyo tunapima pia kiasi cha kaboni ogani, yaani ya mabaki ya molekuli za rangi, kilichobaki majini, pamoja na metali iliyochuruzika kutoka kwenye unga wenyewe. Unga uliokwisha kutumika nao umebeba rangi: uoshwe na kutumiwa tena, au ukabidhiwe kama taka hatarishi, na ukiwa mkavu usishikwe bila barakoa.