Kiinua mgongo ni nini hasa unapopunguzwa kazini?

Hapa Dodoma mtu akipunguzwa kazini, swali la kwanza analokutana nalo mtaani ni hili: "Wamekupa kiinua mgongo?" Jina hilo limebebeshwa mambo mengi. Wapo wanaoita hivyo mkupuo wa mstaafu, wengine fedha zao za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wengine chochote kilichomo kwenye bahasha ya mwisho. Kwenye sheria ya kazi, kiinua mgongo cha aliyeachishwa ni malipo ya aina moja tu, na yakichanganywa na mengine, anayepunjwa ni mfanyakazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri aliyesitisha ajira alipe mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Msingi maana yake posho hazimo. Lazima uwe umefanya kazi miezi 12 mfululizo. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati, ingawa mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi unabaki wake.

Tuchukue mpishi wa hoteli ya hapa mjini, mshahara wa msingi shilingi 260,000, siku 6 kwa wiki, amekaa miaka 5 na miezi 8. Mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi kwa anayefanya siku 6 kwa wiki, siku moja ni shilingi 10,000. Siku 7 ni 70,000. Mara miaka 5, anapata 350,000. Ile miezi 8 haihesabiki, nami naona ni ukali, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Sasa, hiyo 350,000 haifuti haki nyingine hata moja. Anadai pia mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo, malipo ya likizo anayostahili, na notisi ya siku 28 kwa kuwa analipwa kwa mwezi, au fedha badala yake. Anadai na cheti cha utumishi. Na kama aliajiriwa Singida akaletwa kufanya kazi Dodoma, mwajiri amrudishe Singida yeye na mizigo yake, au ampe nauli. Akicheleweshwa, anastahili fedha za kujikimu kwa muda wote anaosubiri. Haki hii ndiyo naona inasahaulika sana. Kinachoangaliwa ni mahali ulipoajiriwa, si kijiji ulichozaliwa.

Michango ya NSSF ni jambo la mfuko. Mwajiri asikuambie kiinua mgongo chako kimo humo.

Ninachokiogopa zaidi ni ile karatasi ya "Dada, saini hapa uchukue chako." Isome kwanza. Ikiwa imeandikwa kwamba umeacha kazi kwa hiari, usisaini kama si kweli, kwa sababu kiinua mgongo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Omba mchanganuo wa maandishi, kila malipo na mstari wake, ubaki na nakala.

Mkishindwa kuelewana, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ambayo ina ofisi hapa Dodoma. Unayepinga kuachishwa kwenyewe una siku 30. Madai mengine, kama malipo yasiyolipwa, yana siku 60. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi hesabu ya siku hizo.