Nani mwenye saini ya mafuta?

Machi 2014 meli ya mafuta iitwayo Morning Glory ilitia nanga Es Sider, bandari ya mashariki mwa Libya iliyokuwa mikononi mwa wanamgambo waliotaka mkoa wao ujitawale. Wakaijaza zaidi ya mapipa 200,000 ya mafuta ghafi, nayo ikawaponyoka wanamaji wa serikali na kutokomea Mediterania. Huko Tripoli bunge likamng'oa Waziri Mkuu Ali Zeidan. Siku chache baadaye, usiku, makomandoo wa jeshi la majini la Marekani waliipanda meli hiyo karibu na Cyprus, wakaigeuza, na shehena yote ikarudi Libya.

Huwa nakirudia kisa hiki kila ninapoulizwa kama mataifa makubwa huingia katika nchi zenye mafuta ili kuyaiba. Hapa Wamarekani walikuwa wameyashika mafuta yenyewe, kisha wakayarudisha kwa shirika la taifa la mafuta la Libya. Ukitafuta wizi wa mapipa hutaelewa kilichotokea usiku ule. Lakini pia ukisema kwamba basi mafuta hayahusiki, umekosea zaidi.

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya mafuta na karatasi zinazosafiri pamoja na meli. Katika karatasi hizo, iliyo na nguvu kuliko zote ni hati ya shehena. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja tu: jina la meli, bandari ya kupakia, jina la mpakiaji, idadi ya mapipa iliyokokotolewa kwa joto la nyuzi 60 za Farenhaiti, uzito wa mafuta, na chini kabisa saini ya nahodha. Kwa desturi hutolewa nakala halisi tatu, na anayezishika ndiye anayeweza kudai mzigo. Benki ya mnunuzi huzitaka kabla ya kulipa. Kiwanda cha kusafisha mafuta nacho hakitaki kupokea mzigo ambao kesho mtu mwingine ataudai mahakamani. Wanamgambo wa Es Sider walikuwa na visima, matangi na gati. Walichokosa ni jina ambalo dunia ingelikubali kwenye nafasi ya muuzaji.

Jina hilo hutoka kwa mataifa mengine, yanapoitambua serikali hii na kuikataa ile. Uingiliaji kati huanzia hapo, mara nyingi miaka mingi kabla ya ndege ya kwanza ya kivita kuruka.

Morning Glory ina dada yake mkubwa. Juni 1952 meli ndogo iliyoitwa Rose Mary ilitoka Iran na mafuta yaliyokuwa yakielekea Italia. Waingereza wakailazimisha kuingia Aden, iliyokuwa koloni lao, na Januari 1953 mahakama ya huko ikaamua kwamba mzigo ni mali ya Anglo-Iranian, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikichimba mafuta Iran. Mafuta yalitoka katika ardhi ya Iran na muuzaji alikuwa Iran yenyewe, lakini mahakama ilikataa kuutambua utaifishaji wa mafuta uliofanywa na Iran 1951.

Niruhusu nikae kidogo hapo Iran, kwa sababu mengi yaliyokuja kufanyika kwingineko yalijaribiwa huko kwanza. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua asilimia 51 ya kampuni hiyo, kwa kuwa Winston Churchill, aliyeisimamia wizara ya majini, alikuwa akihamisha manowari kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, Hazina ya London ilikuwa ikipata kodi kubwa kutoka kwa kampuni hiyo kuliko mrabaha, yaani malipo ya mwenye mafuta, ambao Iran ilikuwa ikilipwa. Wairani hawakuruhusiwa kukagua vitabu vyake. Desemba 1950, ng'ambo ya Ghuba, Aramco, kampuni ya Wamarekani iliyochimba Saudia, ikakubali kugawana faida nusu kwa nusu na Saudia. Miezi mitatu baadaye bunge la Iran lilipiga kura ya kutaifisha, na Mohammad Mossadegh akawa Waziri Mkuu.

Uingereza iliondoa wataalamu wake katika kiwanda cha Abadan, kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo, na ikatishia kumshtaki kila atakayenunua. Sasa angalia soko lilifanya nini. Kuwait, Saudia na Iraq ziliongeza uzalishaji, pengo likazibika, na dunia haikukosa mafuta. Iran nayo ilikuwa tayari kuuza, hata kwa bei ya chini. Kama kilichotakiwa kingekuwa mapipa, mgogoro ungekwisha ndani ya wiki chache.

Kilichoogopwa ni mfano. Uchumi wa mafuta una tabia moja inayoeleza mengi: kabla kisima hakijachimbwa, mwekezaji ndiye mwenye nguvu, maana ana fedha na anaweza kwenda kwingine. Akishazika mtaji wake ardhini, nguvu inahamia kwa mwenye nchi, kwani kisima hakifungwi mizigo kikahamishwa. Kila mkataba wa mafuta umeandikwa chini ya kivuli hicho. Iran ikifaulu kuuchana mkataba wake, Kuwait itashindwaje? Venezuela je?

Agosti 1953 Mossadegh akapinduliwa kwa operesheni ya CIA na ujasusi wa Uingereza. CIA ilikuja kukiri mkono wake waziwazi katika nyaraka zilizotolewa 2013. Mwaka 1954 ukaundwa muungano mpya wa kampuni: asilimia 40 kwa ile ya zamani ya Uingereza, 40 kwa za Kimarekani, 14 kwa Shell na 6 kwa ya Ufaransa. Kampuni za Kimarekani zilibembelezwa na serikali yao ziingie, na zikahakikishiwa kwamba hazitashtakiwa kwa sheria za kuzuia ukiritimba. Mafuta zilikuwa nayo tele, na mengine yalizishinda kuuza. Iran ilipewa nusu ya faida, na kwenye karatasi mafuta yalibaki mali ya taifa. Lakini haikupewa haki ya kukagua vitabu, na kiasi cha kuchimba kila mwaka kilipangwa na kampuni zenyewe kwa fomula waliyoifanya siri.

Nimeusoma mpango ule mara nyingi, na bado unaniuma. Taifa zima lilitikiswa, likarithishwa miaka 25 ya utawala wa Shah, mfalme wake, na hasira zilizolipuka 1979, kwa ajili ya vifungu vichache kuhusu nani atafungua daftari.

Iraq inathibitisha jambo lile lile kwa njia iliyowashangaza hata wenzangu. Baada ya uvamizi wa 2003 wengi walitarajia kampuni za Kimarekani zikabidhiwe visima. Juni 2009 serikali ya Baghdad ilipiga mnada wa maeneo makubwa huku televisheni ikionyesha moja kwa moja. Kwa Rumaila, eneo kubwa kuliko yote nchini, BP ya Uingereza na CNPC ya China ziliomba ujira wa dola 3.99 kwa kila pipa la nyongeza, yaani litakalochimbwa juu ya kiwango cha wakati ule. Wizara ikasema dola 2. Kundi la ExxonMobil ya Marekani lilikuwa limeomba dola 4.80 na halikukubali kushuka. BP na CNPC zikakubali. Dola 2 kwa pipa, kabla ya kodi, ni ujira wa fundi, haufanani na ngawira ya mshindi wa vita. Exxon ilipata baadaye eneo la West Qurna 1 kwa ujira wa namna hiyo hiyo, kisha ikaondoka, na tangu 2024 PetroChina ndiyo kiongozi wa mradi huo.

Basi Marekani, iliyotumia fedha zisizomithilika katika vita ile, ilipata nini? Tazama akaunti. Mei 2003 Azimio 1483 la Baraza la Usalama liliagiza mapato ya mafuta ya Iraq yaingie katika mfuko maalumu, na mfuko huo ukawekwa kwenye tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani. Katika mwaka wa kwanza wa ukaliaji, karibu dola bilioni 12 za fedha taslimu zilisafirishwa kwa ndege za mizigo hadi Baghdad, noti zikiwa zimepangwa kwenye mbao za kubebea shehena. Ukaliaji ulikwisha, mfuko ule ukabadilishwa jina na usimamizi, lakini hadi leo sehemu kubwa ya dola za mafuta ya Iraq hupitia New York kabla ya kufika nyumbani. Anayeweza kuichelewesha akaunti hiyo kwa wiki mbili hana haja ya kumiliki hata kisima kimoja.

Wapo wanaojibu kwamba siri yote ni dola yenyewe. Katikati ya 2024 mtandaoni zilisambaa habari kwamba mkataba wa miaka 50 unaoilazimisha Saudia kuuza mafuta kwa dola umemalizika. Mkataba wa namna hiyo haukuwapo. Kilichotiwa saini Juni 1974 ni makubaliano ya tume ya pamoja ya uchumi, na kando yake kulikuwa na mpango wa kimyakimya wa Saudia kununua hati fungani za Hazina ya Marekani. Mafuta huuzwa kwa dola kwa sababu muuzaji anataka fedha anayoweza kuiweka mahali na kuitumia popote. Nguvu inayotokana na hilo ni ya kweli kabisa, na chanzo chake ni mazoea ya mamilioni ya malipo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa jinsi unavyopindua matarajio, ni Cabinda, mkoa wa Angola wenye mafuta. Mwishoni mwa 1975 kampuni ya Gulf ya Marekani ilikuwa ikichimba huko wakati Angola inagawanyika vipande. Washington iliipinga MPLA, chama cha ukombozi kilichoishika Luanda, na chini ya shinikizo lake Gulf ikasimamisha kazi na kuyaweka malipo ya Angola katika akaunti ya kusubiria. Mwaka 1976 ikarudi na kuilipa serikali ya MPLA. Kwa miaka iliyofuata askari wa Cuba walilinda mitambo ya kampuni ya Kimarekani, mapato yake yakigharamia vita dhidi ya waasi wa UNITA, ambao Marekani ilikuja kuwapa silaha. Marekani haikuitambua serikali ya Luanda hadi 1993. Unaona kwamba kampuni na serikali yake si mtu mmoja. Kampuni inataka saini itakayodumu, ya yeyote yule.

Nigeria ilishaonyesha hilo 1967. Biafra, eneo la mashariki mwa nchi, ilipojitangazia uhuru, iliitaka Shell-BP iilipe mrabaha wa mafuta ya mashariki. Kampuni ikaelekea kutoa malipo ya awali ya pauni 250,000, na serikali ya Lagos ikajibu kwa kuingiza meli za mafuta katika mzingiro wake wa baharini. Malipo madogo, ila kuyapokea kungekuwa mwanzo wa kutambuliwa. Kabla Julai haijaisha, majeshi ya Lagos yalikuwa yameiteka bandari ya Bonny.

Siku hizi mabomu si lazima. Januari 2019 Marekani ilimtambua kiongozi wa upinzani Juan Guaidó kuwa Rais wa Venezuela, na siku chache baadaye ikaliwekea vikwazo shirika la taifa la mafuta, PDVSA: malipo ya mafuta yanayokwenda Marekani yaingie akaunti zilizofungwa, na usimamizi wa Citgo, kampuni yake ya kusafisha mafuta iliyo Marekani, uhamie upande wa Guaidó. Saini na akaunti vikahamishwa bila risasi. Kilichoumiza upesi, hata hivyo, ni kitu cha kiufundi. Mafuta ya ukanda wa Orinoco ni mazito kama asali iliyoganda. Hayapiti kwenye bomba mpaka yachanganywe na kiyeyushi chepesi kama nafta, na PDVSA ilikuwa ikikinunua Marekani. Vikwazo vilikata mauzo hayo. Haki inadai niseme pia kwamba shirika lilikuwa limeshadhoofika: baada ya mgomo wa 2002 na 2003 wafanyakazi wapatao 18,000 walifukuzwa, na uwekezaji ulipuuzwa kwa miaka. Nchi yenye akiba kubwa kuliko zote duniani ilishuka kutoka mapipa kama milioni 3 kwa siku hadi chini ya 500,000 katikati ya 2020. Novemba 2022 kampuni ya Kimarekani ya Chevron ilipewa leseni na serikali yake ya kuuza tena mafuta ya huko Marekani, na masharti yaliyochapishwa yalikataza kulipa kodi au mrabaha kwa serikali ya Caracas.

Kwa raia, jambo hili lina uzito ambao wachambuzi tunauruka. Mtawala ambaye mapato yake yanategemea kutambuliwa na wageni, kuliko kodi za watu wake, humtazama balozi kwanza na mwananchi baadaye. Hubembeleza anayeweza kumfungia akaunti. Nasikitika kila ninaposoma bajeti za nchi hizi, kwa sababu hospitali na shule huonekana mwishoni kabisa, kana kwamba ni mabaki.

Libya imekwenda hatua moja zaidi. Shirika la taifa la mafuta ndilo linalotambuliwa kuwa muuzaji, hata visima vikiwa chini ya majeshi ya mashariki, na fedha huishia Benki Kuu ya Tripoli. Wapiganaji wa pande zote wamejua hivyo kwa miaka. Agosti 2024 Tripoli ilipomwondoa gavana wa benki hiyo, Sadiq al-Kabir, mamlaka za mashariki zilifunga visima. Hakuna bomba lililopasuka na hakuna bei iliyobishaniwa. Septemba pande mbili zikakubaliana juu ya gavana mpya, Naji Issa, na mwanzoni mwa Oktoba mafuta yakaanza kutoka tena.