Ukilalamika masika, bajeti imeshapita

Mwezi wa tano mvua zikishika hapa Tanga, simu yangu haipumziki. Mtaro umeziba, kalavati limekwenda na maji, watoto hawavuki kwenda shule. Kila mtu anauliza tumwandikie nani: mbunge, mkuu wa mkoa, au Rais kabisa? Kazi yangu ni kuwafundisha wananchi kuibana serikali kwa njia zilizopo kisheria, na mimi huanza na kalenda.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini baraza la madiwani hupitisha mapendekezo ya bajeti miezi mingi kabla, na ikifika Aprili Bunge limeshakaa Dodoma kujadili bajeti ya taifa zima. Anayelalamika Mei ataambiwa pole, akibahatika atamwagiwa kifusi tripu moja. Mei piga picha, andika tarehe na nyumba zilizoingia maji. Hoja ipeleke Oktoba au Novemba, wakati vipaumbele vinakusanywa mitaani.

Halafu ujue jambo ni la nani. Barabara za mitaani na mitaro yake zipo chini ya TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, maji ya bomba hapa mjini ni Tanga UWASA. Nimeona barua nzuri sana zikizunguka miezi kwa kupelekwa ofisi isiyohusika.

Nikiulizwa njia ipi ina nguvu zaidi, nataja ile ambayo hakuna anayeipenda: muhtasari wa mkutano wa mtaa. Hoja iliyoandikwa humo ndiyo inayopanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani, katibu wake mtendaji wa kata. Pale mtaro wenu unashindana na vyoo vya shule ya mtaa wa pili. Kama haukuandikwa, diwani hana cha kusimamia, hata awe shemeji yenu. Basi nendeni wengi, na kabla ya kutawanyika mwombeni mtendaji wa mtaa asome alichoandika. "Wakazi waliomba mtaro" haitoshi. Iandikwe kutoka wapi hadi wapi, na nani ataleta majibu lini.

Mkizungushwa, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombeni kwa maandishi, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Video ya mtandaoni nayo ina kazi yake, ila ije baada ya barua, mpate cha kuonyesha kwamba mliomba kistaarabu.

Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Kakaeni nyuma watatu wanne, diwani wenu awaone anapotoa taarifa ya kata. Hata makofi msipige.