Bosi wa CFPB akibadilika, hela unayotuma nyumbani inaguswa vipi

Tarehe 30 Januari 2025 CFPB, ile ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja wa mabenki, mikopo na huduma za kutuma pesa, iliipiga kampuni ya kutuma pesa ya Wise faini ya dola milioni 2 na kidogo, na juu yake ikaiamuru irudishe karibu dola 450,000 kwa wateja, kwa sababu ada ilizokuwa inatangaza hazikuwa sahihi na kuna taarifa watu walitakiwa wapewe kabla ya kutuma hawakupewa. Siku mbili baadaye mkurugenzi wa ofisi hiyo, Rohit Chopra, akafukuzwa na Rais Trump. Kufika Mei amri ile ikaandikwa upya, pesa ya wateja ikabaki lakini faini ikashuka mpaka kama dola 45,000. Kampuni ile ile, makosa yale yale, sheria ile ile, bunge halijakaa wala jaji hajatengua kitu.

Ndo maana mtu akiniuliza bosi wa ofisi moja Washington kufukuzwa kunamhusu nini yeye anayetuma hela Mwanza au Eldoret, namwambia kunamhusu sana. Mi kazi yangu ni hizi sheria za malipo na mikopo, na kwa ninavyoona, kwenye CFPB kubadilisha bosi kunabadilisha mambo haraka kuliko kubadilisha sheria yenyewe.

Sababu iko kwenye jinsi ofisi ilivyoundwa. Baada ya ule mtikisiko wa uchumi wa 2008, watu mamilioni wamepoteza nyumba kwa mikopo ambayo hata waliosaini hawakuielewa, bunge lilipitisha sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010 na ofisi ikafungua milango Julai 2011. Wazo lilikuwa la Elizabeth Warren, wakati huo akiwa profesa wa sheria, hajawa seneta bado. Waliotunga sheria waliogopa mabenki yatatumia ushawishi bungeni kuinyima ofisi bajeti, kwaiyo wakaamua hela yake isipitie bungeni kabisa, itoke Benki Kuu ya Marekani, na bosi awe mmoja tu badala ya bodi, muhula miaka mitano, na rais asiweze kumtoa bila sababu nzito. Walitaka kumkinga huyo mtu mmoja. Lakini ukishaweka nguvu zote kwa mtu mmoja, anayempata huyo mtu kapata ofisi nzima, na hela nayo iko hivohivo, haiji yenyewe, mkurugenzi ndo anaandika barua Benki Kuu kila robo mwaka kuomba kiasi anachoona kinahitajika. Sasa akiona hakuna kinachohitajika je?

Hilo lilitokea Januari 2018. Mick Mulvaney, aliyekuwa anakaimu, aliandika barua kuomba dola sifuri. Sifuri kabisa, akasema akiba iliyopo inatosha kwa robo ile.

Alivyofika pale ni kisa chenyewe. Novemba 2017 Richard Cordray, mkurugenzi wa kwanza kuthibitishwa na Seneti, alijiuzulu, ila kabla hajatoka akamteua Leandra English kuwa naibu wake, kwa sababu Dodd-Frank inasema mkurugenzi asipokuwepo naibu ndo anakaimu. Trump akasema hapana, kuna sheria ya 1998 ya nafasi zilizo wazi inayonipa mimi nguvu ya kuchagua kaimu, na akamweka Mulvaney ambaye muda huo huo alikuwa mkuu wa ofisi ya bajeti ya Ikulu na alipokuwa mbunge aliwahi kuunga mkono CFPB ifutwe. Jumatatu ya Novemba 27 asubuhi watu wawili wakaamka kila mmoja akijitambulisha kuwa kaimu mkurugenzi, wafanyakazi wanapokea barua pepe kutoka pande zote mbili! English alienda mahakamani, jaji hakumpa zuio aliloomba, na Julai 2018 akaondoka.

Na huku chini kilichofuata ndo cha kuangalia. Aprili 2017 CFPB ilikuwa imeshtaki kampuni za mikopo ya haraka, mojawapo ikiitwa Golden Valley Lending, zilizodaiwa kutoza riba ya kati ya asilimia 440 na 950 kwa mwaka. Januari 2018 kesi hiyo ikaondolewa na ofisi yenyewe. Kanuni ya kumtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kama mkopaji ana uwezo wa kulipa, iliyokamilishwa Oktoba 2017 wiki chache tu kabla Cordray hajaondoka, ikawekwa kwenye mapitio na Julai 2020 kipengele hicho kikafutwa chini ya Kathy Kraninger, mkurugenzi aliyekuja baada ya Mulvaney. Mtu aliyekopa kwa riba ile hakupigiwa simu na yeyote kuambiwa kwamba bosi kabadilika.

Mwaka huo huo, Juni 2020, Mahakama ya Juu ikaamua kwenye kesi ya Seila Law, kura tano kwa nne, kwamba ile kinga ya mkurugenzi ni kinyume cha katiba, rais anaweza kumwondoa muda wowote. Wengine waliisoma kama habari ya mawakili tu, mi naiona ndo siku muhula wa miaka mitano ulipokufa. Biden alipoingia Januari 2021 akamtaka Kraninger aondoke siku ile ile, akaondoka, na Chopra akathibitishwa Septemba 2021. Sipendi pia chama ninachokikubali kikifanya hivyo, maana mlango ukishafunguliwa unafunguliwa kwa wote.

2025 mlango huo ulipitwa kwa kasi ambayo sijawahi kuona. Chopra katoka Februari 1, Scott Bessent waziri wa fedha akakaimu siku chache, Februari 7 akaingia Russell Vought, naye vilevile mkuu wa ofisi ya bajeti ya Ikulu. Wafanyakazi wakaambiwa wasimamishe karibu kazi zote, makao makuu yakafungwa, barua ya kuomba hela haikuandikwa kwa robo iliyofuata. Aprili wakajaribu kupunguza watu kama 1,500 kati ya 1,700 hivi, jaji Amy Berman Jackson akazuia, kesi ikapanda mahakama ya rufaa. Julai bunge likakata kiwango cha juu cha fedha ambazo ofisi inaweza kuomba, toka asilimia 12 ya gharama za uendeshaji za Benki Kuu hadi asilimia 6.5. Alafu kuna huu mtindo wa kaimu: kaimu kisheria ana siku 210, ila rais akipeleka Seneti jina la mtu wa kuwa mkurugenzi kamili, kaimu anaruhusiwa kuendelea huku jina linasubiri. Juni 2018 lilipelekwa la Kraninger siku za Mulvaney zinaisha, Novemba 2025 likapelekwa la Stuart Levenbach, Vought akaendelea kukalia kiti.

Sasa turudi kwa hela ya kutuma. Kanuni ya CFPB iliyoanza Oktoba 2013 inasema ukiwa Marekani na unatuma zaidi ya dola 15 nje, kampuni lazima ikuonyeshe kabla hujalipa ada, kiwango cha kubadilisha fedha na kiasi mpokeaji atakachopata mkononi. Una dakika 30 za kughairi bila gharama kama pesa haijachukuliwa, na siku 180 za kulalamika kama imepotea au imefika pungufu. Oktoba 2023 ofisi iliitumia dhidi ya Sendwave, ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaitumia, kwa kudanganya wateja kuhusu kasi na gharama, ikarudisha kama dola milioni 1.5.

Kanuni hiyo bado iko kwenye vitabu. Kinachotegemea bosi ni kama kuna mkaguzi atakayeingia kuangalia, kwaiyo wewe tunza risiti na zile skrini za ada kabla ya kubonyeza tuma, malalamiko yaandike kwa maandishi kwa kampuni ndani ya hizo siku 180, na wasipokujibu peleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo unakoishi, maana Dodd-Frank imewapa wale wa majimbo nguvu ya kusimamia sheria hii bila kumsubiri mtu wa Washington. Ofisi nyingi za majimbo zinapokea malalamiko mtandaoni bure.